Furushi Juu ya Injini

Mjukuu wangu Ida alipopata kazi ya majaribio kwenye kitalu cha miche ya parachichi kule Makambako, aliaga wazazi wake Mawengi akaja kukaa kwangu Mjimwema, hapa Njombe mjini. Makambako si karibu, lakini kwangu kulikuwa na kitanda kitupu na nyuma ya nyumba kulikuwa na miparachichi aliyoipanda marehemu babu yake, inayozaa mpaka matawi yanaomba miti ya kuyaegemeza.

Mwenye kitalu, Mama Fidelia, aliposikia habari za miti hiyo alifurahi. Alimwambia Ida awe anakuja na vikonyo kutoka kwangu kila asubuhi. Vikonyo ni vile vijiti vya ncha za matawi, vyenye macho yaliyoanza kuvimba. Unakikata kikonyo, unakichonga, unakichomeka kwenye mche wa kienyeji uliopasuliwa kidogo, unafunga kwa nailoni, halafu unangoja. Kikishika, mche ule wa kienyeji utakuja kuzaa matunda ya mti mama. Wenyewe wanaita kubebesha.

Usafiri nao ulijipa. Jirani yetu Benno anaendesha Fuso, kila siku ya kazi anapeleka viazi Makambako kwa wanunuzi. Nilipomwuliza kama anaweza kumchukua mtoto, alinijibu, "Bibi, kiti kinakwenda kitupu, na mimi peke yangu nasinzia. Mlete." Hakutaka kusikia habari ya nauli. Nilianza kumwekea viazi vya kuchemsha kwenye furushi la Ida, ili wale wote njiani.

Kwa hiyo kila alfajiri Ida alitoka kwangu na furushi moja la kitenge. Juu niliweka viazi, nimevifunga kwa taulo. Chini yake vikonyo, vimeviringishwa kwenye kitambaa kilicholoweshwa, kama Mama Fidelia alivyoagiza. Jioni aliporudi alinisifu. "Bibi, viazi vyako vinafika Makambako na moto wake. Wenzangu wanashangaa."

Nami nilivimba kichwa. Nilidhani ni ufungaji wangu.

Lakini miche yake ilikuwa haishiki. Wenzake waliobebesha kwa vikonyo vya pale pale kitaluni, miche yao ilichipua. Ya Ida ilisimama kama vijiti vya kiberiti, halafu ikawa myeusi. Mara ya kwanza Mama Fidelia alinyamaza. Mara ya pili alimfundisha upya. Mara ya tatu watu walianza kusema kwamba mkono wa Ida haukubaliani na mimea, kwamba wapo watu wa namna hiyo, wakigusa kitu kinanyauka.

Jumatano alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua sweta. Niliweka birika mekoni nikamngoja aseme mwenyewe.

"Bibi, Ijumaa ni mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Mama Fidelia amesema Ijumaa nitabebesha yeye akiwa amesimama pale pale, anaangalia. Akiona sijui kazi, nirudi Mawengi kwa amani. Ameshapata msichana mwingine wa kuweka mahali pangu." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Labda ni kweli, Bibi. Labda nina mkono mbaya."

Nilimmiminia chai. Mikono nimeiona mingi maishani, ya kupanda, ya kupalilia, ya kupokea watoto wanaozaliwa. Mikono ya Ida niliiona kila alfajiri akikata vikonyo kwa mwanga wa simu. Hapapasi wala hanyofoi. Anachagua, anakata mara moja, anaondoa majani taratibu kama anayemvua mtoto nguo. Mkono ule haukuwa mbaya, na hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu wa kitalu.

"Ijumaa tunakwenda wote," nilisema.

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kuangalia. Na mimi nina macho."

Ijumaa baridi ilikuwa ile yetu ya mwezi wa nane, inayouma masikio. Ukungu ulishuka mpaka kwenye ua. Ida alikata vikonyo, mimi nikalowesha kitambaa, tukafunga. Fuso ilipopiga honi barabarani, tulitoka nje, Ida na furushi, mimi na fimbo yangu na blanketi begani.

Benno aliruka chini akaja kunishika mkono nipande. Ni mtu mnene, mcheshi, havui kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Kamwene, Bibi!"

"Kamwene, baba. Umeamkaje?"

"Salama kabisa. Leo nimepakia mzigo wa maana kuliko viazi." Alinisukuma juu kwa heshima, kama anayepandisha gunia lenye mayai. "Ida, ukae katikati. Bibi akae dirishani aone dunia."

"Dunia yenyewe ukungu mtupu," nilisema.

"Basi aone ukungu, Bibi. Bure kabisa."

Alifanya ishara ya msalaba, akawasha gari, tukaondoka. Fuso mnaijua jinsi ilivyo. Injini iko chini ya viti, na kati ya dereva na abiria kuna mfuniko wake, umeinuka kama meza fupi. Ndani mle kulikuwa na joto zuri. Magoti yangu, ambayo huwa yananisema kila asubuhi, yalinyamaza.

Ida alijitahidi kuongea. Alisema jambo kuhusu nailoni ya kufungia, akapiga miayo, na kabla hatujamaliza nyumba za mjini alikuwa amelala, kichwa kwenye bega langu. Usiku alikuwa amegeuka-geuka kitandani mpaka jogoo. Nilimwacha.

Hapo ndipo nilipomwona Benno anafanya kitu. Bila kupunguza mwendo alinyoosha mkono wa kushoto, akalichukua lile furushi kutoka mapajani mwa Ida, taratibu sana asimwamshe, akaliweka juu ya mfuniko wa injini. Halafu alivuta koti lake kuukuu lililokuwa nyuma ya kiti, akalifunika furushi lote, akalichomeka pembeni kama mtu anayemfunika mtoto kitandani.

Aliniona namwangalia, akatabasamu kwa haya kidogo.

"Huwa analala, Bibi. Kila siku. Furushi litamdondoka. Na chakula kikikaa pale chini miguuni kinakuwa barafu. Mama yangu alikuwa mkali kwa jambo hilo, chakula cha mtu kisipoe mikononi mwako."

"Na tukifika?"

"Namrudishia mapajani, ndipo namwamsha. Nikimwamsha ghafla anaona aibu kwamba amelala."

Nilimtazama mtu huyu na moyo wangu ukajaa. Kila asubuhi, kijana wa watu, na gari limebeba tani za viazi, na barabara ya kona na ukungu, bado alikumbuka aibu ya msichana na chakula cha bibi yake. Nilimwambia asante, na niliposema hivyo sikuwa na wazo lingine lolote kichwani. Kwetu huku, ukitaka kukitunza kitu, unakipa joto. Mtoto, mgonjwa, maziwa, vifaranga, vyote tunavitunza hivyo hivyo.

Tulikwenda hivyo, misitu ya mbao ikipita kushoto na kulia kama vivuli, mpaka Mtwango. Benno alisimamisha gari akague kamba za mzigo. Alipanda tena akisugua mikono.

"Bibi, sasa ndiyo saa yetu ya viazi. Ida huwa bado amelala hapa, namwachia vyake."

Aliondoa koti, akafungua furushi kwa juu, akanipa kiazi. Nilikishika nikakihamisha upesi mkono wa pili. Kilikuwa kinatoa mvuke, kama vile nimekiopoa sufuriani wakati ule ule.

"Umeona?" Benno alisema kwa fahari, mdomo umejaa. "Hapa hata hoteli hawatufikii."

Nilicheka. Kisha nikautazama ule mfuniko wa injini.

Niliingiza mkono chini ya viazi, kwenye ile sehemu ya pili ya furushi. Kitambaa nilichokilowesha mwenyewe mpaka kikatiririka maji kilikuwa kimekauka upande wa chini, na upande wa juu kilikuwa na joto la kitambaa cha kumkanda mzazi. Nilikifungua. Vikonyo vilikuwa vimelegea. Nilibonyeza jicho la kimoja kwa kucha, likabonyea kama mboga iliyochemka.

Nilikuwa nafikiria mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, Ida hana mkono mbaya na hajawahi kuwa nao. La pili, leo ni Ijumaa na vikonyo vyake vimeiva.

"Bibi, vipi? Kiazi kimekukaba?"

"Hapana, baba. Zima gari kidogo tuongee."

Alizima. Kimya kile ndicho kilichomwamsha Ida. Alikaa sawa, akapapasa mapaja yake, akatafuta furushi, akaliona juu ya injini limefunguliwa. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, akakiondoa haraka. Kisha akachukua kikonyo kimoja akakiangalia. Sikuhitaji kumweleza.

"Huwa linakaa hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kila siku?"

Benno alituangalia, mmoja baada ya mwingine. "Si chakula? Ida, si ni chakula?"

"Juu chakula, kaka Benno. Chini vikonyo. Ndiyo kazi yangu. Vinatakiwa vikae kwenye ubaridi."

"Mimi nimekuwa nikitoa viazi vya juu tu..." Alivua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya siku ile. "Kwa hiyo ile miche uliyosema inakufa..."

"Ndiyo."

"Mama yangu wee. Nimekuwa namchemshia mtoto wa watu kazi yake."

Ida angeweza kumkaripia, na ingekuwa haki yake. Niliona hasira ikimpanda, niliona na machozi nyuma yake. Lakini alimwangalia Benno, akaangalia lile koti kuukuu, nadhani akaelewa lilikuwa linafanya nini pale kila asubuhi wakati yeye amelala. Akashusha pumzi.

"Mimi ndiye ninayelala," alisema.

"Na mimi ndiye niliyefunga viazi na vikonyo pamoja," nilisema. "Kama ni kugawana, tutagawana wote watatu, kila mtu apate kipande kidogo. Sasa tufanye nini? Kurudi Njombe haiwezekani."

"Wanunuzi wananingoja," Benno alisema. Halafu akavaa kofia na kuwasha gari. "Lakini watangoja kidogo zaidi. Twende kwa huyo mama. Nitasema mwenyewe."

"Atadhani tumetunga," Ida alisema. "Kila aliyeharibu miche ana sababu. Mimi mwenyewe nimewasikia."

"Ataamini," nilisema. "Tunakwenda na injini yenyewe."

Njia iliyobaki hakulala mtu. Ida alikaa na furushi mapajani, limefunguliwa, akitenga vikonyo kimoja kimoja, akitafuta hata kile kimoja kilicho kizima. Hakukuwa na kizima. Lakini niliona mabega yake yamenyooka, tofauti na alivyokaa jikoni Jumatano. Mtu aliyejua kwa nini ameshindwa hakai kama mtu aliyeambiwa kwamba ameumbwa kushindwa.

Makambako upepo ulitupokea, ule upepo wao usiochoka. Tulivuka reli, na badala ya kumshusha Ida njia panda kama siku zote, Benno aliipeleka Fuso na viazi vyake vyote mpaka mlangoni pa kitalu. Wafanyakazi waliinua vichwa. Mama Fidelia alitoka chini ya kivuli cha nyavu, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na kisu kidogo mkononi.

"Sijaagiza viazi," alisema. Kisha akaniona nashushwa, akakiweka kisu mfukoni na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni bibi yake Ida. Nimekuja kukuonyesha kitu kabla hamjaanza."

"Mama, kwa heshima zote, mtoto ameshakuwa na nafasi tatu. Mimi nina oda za watu."

"Najua. Sikuja kumwombea. Panda tu kwenye gari."

Alinitazama kama vile nimemwomba acheze ngoma. Lakini mzee akikuomba jambo dogo mbele ya watu, unalifanya. Alipanda. Benno alifuata kwa upande wa pili akaanza kueleza, kofia mkononi, akichanganya mambo: koti, viazi, mama yake, usingizi wa Ida, barafu miguuni. Nilidhani atalia. Mama Fidelia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kiganja juu ya mfuniko wa injini. Alikiondoa kwa haraka ile ile ya Ida.

"Hapa panafaa kukaanga yai," alisema.

"Asubuhi hii vimekaa hapo," Ida alisema kutoka chini, akamnyooshea kitambaa. "Siwezi kuvibebesha hivi, Mama. Vimekufa. Ukinilazimisha nitavifunga, lakini vitakuwa vyeusi kama vile vingine."

Mama Fidelia alichukua kimoja, akakichana kwa kucha, akaangalia rangi ya ndani. Alikitupa. Akachukua cha pili, akakitupa. Kisha alimwangalia Ida kwa muda mrefu, na nilichopenda ni kwamba Ida hakuinamisha macho.

"Na ulipokuwa unafika hapa, hukuona kwamba kitambaa kimekauka?"

"Niliona. Nilidhani sikulowesha vya kutosha. Nilikuwa nalowesha tena."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Usiogope tena." Alishuka garini. "Haya. Mimi siamini maneno, wala ya bibi, wala ya dereva mwenye huruma. Naamini macho ya mche. Nenda kwenye mti wangu ule pale, kata mwenyewe, ufunge hapa mbele yangu. Msichana wa pili nitamwambia asubiri. Vikishika, utabaki. Visiposhika, injini haina kosa."

"Sawa, Mama," Ida alisema.

Benno aliondoka mbio kwa wanunuzi wake, ambao walikuwa wameshampigia simu mpaka ikaisha chaji. Mimi nilipewa ndoo iliyogeuzwa nikalie, mmoja wa vijana aliyekuwa akisema habari za mkono mbaya akaniletea chai bila kuombwa. Nilikunywa nikimwangalia mjukuu wangu akifanya kazi. Alikata kikonyo. Alikichonga pande mbili, kisu kikipita mara moja kila upande. Alipasua mche, akachomeka, akafunga, nailoni ikizunguka vizuri bila kupanda juu yake yenyewe. Mama Fidelia alisimama nyuma yake amekunja mikono. Mwanzoni alisimama kama askari. Kufikia mchana alikuwa ameshasogea karibu, na mara moja nilimsikia anasema, "Hapo, hivyo hivyo," kwa sauti ya mtu anayejisahau.

Siku za kungoja Ida aliendelea kwenda kazini, kumwagilia na kujaza udongo. Sikumwuliza kila jioni. Nilipika, tukasali, tukalala. Ukishajua ubaya haukuwa mkononi, unaweza kuingoja mimea kwa utulivu.

Kisha jioni moja aliingia jikoni bado na sweta lake, akaweka kitu mezani mbele yangu. Kilikuwa kisu kidogo cha kubebeshea, cha kukunja, mpini wake mwekundu. Kule kitaluni vibarua wanatumia visu vya Mama Fidelia na kuvirudisha jioni. Anayekwenda nacho nyumbani ni mtu wa pale.

"Vimechipua, Bibi. Karibu vyote. Vina majani madogo mekundu, kama masikio ya sungura."

Nilikishika kile kisu, nikakifungua, nikakifunga. Nikamwambia aoshe mikono tule.

Asubuhi iliyofuata nilifunga mafurushi mawili. Fuso ilipopiga honi nilitoka naye hadi barabarani. Benno alishuka, akapokea furushi la kwanza, akauliza, "Hili linapenda joto?"

"Linapenda," Ida alisema.

Akaliweka juu ya injini, akalifunika koti. Akapokea la pili.

"Na hili?"

"Baridi."

Alizunguka nalo nyuma kwenye bodi la mzigo, akalichomeka kati ya magunia, mahali ambapo upepo wa Makambako ungelipata vizuri. Alikuwa amening'iniza hapo chupa ya maji yenye tundu dogo, ikidondosha tone kwa tone juu ya gunia kuukuu, ili furushi lifike limelowa. Hakuna aliyemwomba. Aliikagua kamba ya ile chupa kwa uangalifu ule ule anaokagulia mzigo wake wote, akanipungia mkono, akapanda.

Ida alikuwa ameshaegemea dirisha. Nilijua asingefika Mtwango macho.